Chagua Kambi kwa Usiku, Si kwa Picha: Somo la Kupiga Kambi Kando ya Ziwa Naivasha

Kila likizo inapokaribia, wageni na wenyeji hutuuliza swali lile lile: "Ni wapi kando ya ziwa pana mandhari mazuri ya kupiga kambi?" Ni swali zuri, lakini haliwezi kuwa la kwanza. Mandhari tunayaona mchana, na kambi ni mahali pa kulala usiku. Ukingo ule ule unaopendeza saa kumi jioni unaweza kuwa na wenyewe ifikapo saa tatu usiku.

Somo hili nililipata kwa aibu kidogo. Kabla sijaingia kazi ya habari, nilikuja Naivasha na ndugu zangu wawili na mpwa wetu wa miaka sita. Tulipata nafasi ya ajabu: nyasi fupi za kijani, laini kama zulia, hatua kumi tu kutoka majini. Tulisimamisha hema, tukapiga picha, tukawasha jiko. Mnamo saa kumi na moja na nusu askari wa kambi, mzee wa makamo, akaja polepole na rungu lake mkononi.

"Kijana," aliniuliza, "hizi nyasi unafikiri zimekatwa na nani?"

"Si ni mashine, mzee?"

"Hakuna mashine hapa. Mmelala mezani pa viboko."

Tuling'oa vigingi na kuhamia juu, nyuma ya waya wa umeme, huku mpwa wetu akilia kwa kuwa alitaka kulala karibu na maji. Usiku tulisikia mtafuno mzito pale chini. Asubuhi tulikuta nyayo za vidole vinne zimepita katikati ya mahali hema letu liliposimama. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu "kambi fulani ni nzuri" kabla ya kuuliza pakoje usiku.

Ukimaliza somo hili unapaswa kuweza kufanya mambo manne: kueleza kwa nini maji ya ziwa hupanda na kushuka, kusoma alama za hatari ukingoni, kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa, na kuchagua mahali salama pa hema au pa gari la kulala.

SEHEMU YA KWANZA: LIFAHAMU ZIWA LENYEWE

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa la maji baridi, yaani maji yasiyo na magadi, ingawa halina mto unaotoka juu ya ardhi. Maji yake huvuja chini kwa chini na kuondoka na chumvi, ndiyo maana samaki, mafunjo na viboko wanastawi humo. Mwaka 1995 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Jambo la kukumbuka ni chanzo cha maji hayo. Sehemu kubwa huletwa na Mto Malewa, ukisaidiwa na Mto Gilgil, kutoka nyanda za juu za Nyandarua na Kinangop. Kwa hivyo mtu aweza kuwa Naivasha mjini, juakali na vumbi tupu, na huku ziwa linapanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha milimani. Hali ya anga unayoiona juu ya kichwa chako haikuambii yote. Uliza pia habari za mvua ya juu.

Ziwa hili pia lina tabia ya kwenda na kurudi. Mwaka 2009, wakati wa kiangazi kikali, maji yalipungua sana na ardhi kubwa ikabaki wazi. Baadaye yakaanza kupanda, na mwaka 2020 yakaingia katika nyumba, mashamba na hoteli. Wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama, na mwaka 2025 mtaa huo huo ukafurika tena. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa, likiwemo Nakuru na Baringo, nayo yalipanda katika miaka hiyo. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, maji yalimeza lango kuu la zamani.

Funzo kwa mpiga kambi ni hili: ukingo wa ziwa si mstari uliochorwa mahali pamoja. Picha ya kambi iliyopigwa miaka mitatu iliyopita inaweza kuonyesha mahali ambapo leo ni maji. Kabla ya kusafiri, omba picha ya wiki hii.

Na kuna upepo. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, linalohusu maji yenye mawimbi. Asubuhi ziwa huwa tulivu kama kioo. Alasiri upepo huamka na mawimbi yakafuata. Ukipenda kupanda boti, panda asubuhi, vaa jaketi ya kujiokolea kabla boti haijaondoka, na mkatalie nahodha anayejaza abiria kupita kiasi. Alasiri ni ya kukaa nchi kavu.

SEHEMU YA PILI: SOMA ALAMA ZA UKINGONI

Ukifika kambini, usifungue mizigo. Tembea dakika kumi kwanza, kukiwa bado na mwanga, na uangalie alama hizi.

1. Miti iliyokufa ikiwa imesimama majini. Migunga, ile miti mirefu yenye gome la manjano, hupenda kuota karibu na maji lakini hufa mizizi ikifunikwa kwa muda mrefu. Ukiona mashina makavu yamesimama ziwani, jua kwamba hapo palikuwa nchi kavu si zamani sana. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya ziwa kupanda, na haihitaji kitabu kuisoma.

2. Alama za maji kwenye kuta na nguzo. Tafuta mstari wa tope au rangi iliyobabuka kwenye vyoo vya zamani, magati na nguzo za ua. Mstari ukiwa juu ya mahali unapotaka kulala, tafuta pengine.

3. Nyasi fupi zilizolingana. Kiboko hula usiku, na midomo yake mipana hukata nyasi karibu na ardhi kama panga la bustani. Nyasi zikiwa fupi ukingoni tu na ndefu kwingine, hilo ni shamba lake.

4. Njia zilizochimbika kutoka majini. Viboko hufuata njia zile zile usiku hadi usiku. Utaona mfereji mpana uliokanyagwa, wakati mwingine una mistari miwili na kigongo katikati, na mavi yaliyotawanywa kwenye vichaka. Usiweke hema juu ya njia hiyo wala karibu nayo.

5. Mafunjo mazito. Mbali na ndege wazuri, mafunjo huweza kuficha nyati. Usipite ndani yake ukitafuta picha.

6. Matawi makavu juu ya kichwa. Kivuli cha mgunga mkubwa ni kitamu mchana. Lakini baada ya mvua na upepo matawi huanguka bila onyo. Lala nje ya kipimo cha matawi.

Kuna kipimo rahisi cha kujikadiria uko juu kiasi gani kutoka majini. Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu. Simama ukingoni kabisa, huku umelipa ziwa mgongo. Ilaze chupa mbele ya jicho lako, na utazame kufuata uso wa maji yaliyo ndani yake mpaka pale mstari wa macho unapogusa ardhi. Hapo pamepita usawa wa ziwa kwa kimo cha macho yako, yaani takriban mita moja na nusu kwa mtu mzima wa wastani. Lala nyuma ya hapo, na si mbele yake. Ikiwa ardhi ni tambarare kiasi kwamba mstari haugusi chochote karibu, jua uko kwenye bapa ambalo maji yakipanda kidogo tu yatasafiri mbali.

SEHEMU YA TATU: WENYE UKINGO WA USIKU

Kiboko huonekana mzito na mvivu akiwa majini. Akiwa nchi kavu hukimbia takriban kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu hatuufikii. Hutoka majini jua linapozama, hula usiku kucha, wakati mwingine kilomita kadhaa kutoka ziwani, kisha hurudi kabla ya kupambazuka. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani, na aliye njiani hukanyagwa au kuumwa.

Hatusemi haya kutisha watu. Mnamo Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha ukingoni. Siku hiyo hiyo mvuvi mwenyeji naye aliuawa katika ziwa hilo. Wavuvi wetu huijua hatari hii kila siku, kwa hivyo mgeni asiidharau kwa sababu ya picha moja.

Kanuni za usiku ni hizi:

• Kuanzia jua linapozama hadi mwanga kamili, hakuna anayeshuka ukingoni, hata kwa tochi.

• Hema liwe nyuma ya ua wa umeme au kizuizi cha kudumu. Uliza ua unawashwa saa ngapi na nani huukagua. Waya usio na umeme ni kamba tu.

• Choo kiwe upande ule ule wa ua uliko hema. Hili wengi hulisahau. Kambi inaweza kuwa na ua mzuri, lakini ikiwa mtoto wako atalazimika kuvuka uwanja wa viboko saa nane usiku kwenda msalani, ua huo haujakusaidia.

• Ukisikia mnyama karibu, kaa ndani ya hema au gari. Usitoke kumfukuza, usimmulike machoni, usimtupie kitu.

• Usimlishe mnyama yeyote. Tumbili waliozoea mkate wa wageni hurarua mahema ya wageni wanaofuata.

Kuogelea je? Jibu ni hapana. Maji yenye viboko si bwawa la kuogelea, hata kama huoni kiboko kwa wakati huo.

SEHEMU YA NNE: JIHADHARI NA MAJI YANAYOTOKA JUU

Hatari ya maji haitoki ziwani pekee. Karibu na ziwa, barabara ya Moi South Lake hukupeleka hadi Mbuga ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Mbuga hiyo ina maeneo ya kupigia kambi juu ya miamba, yakiwemo Ol Dubai na Naiburta, yenye mandhari ya bonde zima. Lakini pia ina korongo lenye kuta nyembamba. Mwaka 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa humo baada ya mafuriko ya ghafla, na mwaka 2019 watu saba wengine wakasombwa na maji katika korongo hilo hilo. Mvua inaweza kunyesha mbali, mbingu juu yako ikiwa safi, na ukuta wa maji ukakufikia dakika chache baadaye.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Kamuchiri, Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalibomoka na kuua makumi ya jirani zetu wakiwa usingizini. Hawakuwa wapiga kambi. Walikuwa nyumbani kwao. Kwa heshima yao, tusilale kwa hiari mahali ambapo maji yana njia.

Kwa hivyo, usipige kambi ndani ya mkondo mkavu wa mto hata kama una mchanga laini na hauna upepo. Mchanga huo uliletwa na maji. Ukiona magogo na matawi yaliyonasa kwenye vichaka juu ya kimo chako, hayo ndiyo maji yalipofika. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ingia korongoni tu ukiwa na mwongozo na kwa ruhusa ya walinzi wa mbuga. Wakisema limefungwa, geuka bila kubishana.

SEHEMU YA TANO: KWA WENYE GARI LA KULALA

Siku hizi tunaona magari yenye hema la kukunjua juu ya paa, vani zilizowekwa kitanda na jiko, na malori makubwa ya wasafiri wanaovuka Afrika. Ni njia nzuri ya kusafiri, lakini kulala ndani ya gari hakufuti yale yaliyosemwa hapo juu. Kuna mambo matano ya ziada.

Kwanza, udongo. Udongo wa Naivasha ni wa volkeno, mwepesi, vumbi jepesi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Gari zito lililoingia kwa urahisi Ijumaa linaweza kukwama Jumapili. Kanyaga ardhi kwa kisigino. Kikizama, usiingize gari hapo.

Pili, mwelekeo. Egesha ukitazama njia ya kutokea, si ziwa. Ukihitaji kuondoka usiku, hutataka kugeuza gari gizani katikati ya mahema ya watu.

Tatu, usawa. Hema la juu ya gari likiinama hata kidogo hutalala. Weka mawe au vipande vya mbao chini ya magurudumu, kisha uzuie magurudumu na uvute breki ya mkono.

Nne, urefu. Pima kimo cha gari lako pamoja na hema kabla ya kupita chini ya matawi na malango. Waulize wenye kambi kama lori linaingia. Si kila lango lilijengwa kwa ajili yake.

Tano, na hili ni la maisha na kifo: usiingize jiko la makaa ndani ya hema au gari kwa ajili ya joto. Usiku wa Naivasha una baridi, na mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10, hivyo kishawishi ni kikubwa. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akiwa usingizini bila kukohoa. Jiko hata likionekana limezimika bado linatoa hewa hiyo. Beba blanketi la ziada, kofia ya sufu na soksi. Jiko libaki nje.

SEHEMU YA SITA: MAJI, MOTO NA TAKA

Maji ya kunywa njoo nayo au nunua. Maji ya visima vingi katika eneo letu yana madini ya floraidi kwa wingi, yale yanayobadilisha rangi ya meno ya watoto wetu. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Kwa siku mbili za kambi si jambo la kuhofia, lakini kwa kukaa muda mrefu na watoto, panga maji mengine. Maji ya Elementaita na Nakuru yana magadi na hayanyweki kabisa.

Moto uwashwe pale palipotengwa tu, na uuzime kwa maji mpaka majivu yawe baridi mkononi. Kuni zinunuliwe kambini. Usikate matawi, hata yaliyokauka, kwa sababu ndege hujenga humo.

Kuhusu taka, sheria iko wazi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Hiyo ni pamoja na chupa za maji, vikombe na sahani. Beba chupa ya kujaza tena. Sabuni na mabaki ya chakula yasimwagwe ziwani: maji hayo ndiyo yanayolisha wavuvi, mifugo na mashamba ya maua yanayoajiri maelfu ya watu wetu.

SEHEMU YA SABA: MASWALI KUMI KABLA YA KULIPA

Piga simu na uulize. Mwenye kambi nzuri hujibu bila kukasirika.

1. Mahema yako mita ngapi kutoka majini wiki hii?
2. Maji yalifika wapi yalipopanda mara ya mwisho?
3. Kuna ua wa umeme? Huwashwa saa ngapi?
4. Choo na bafu viko ndani ya ua?
5. Kuna askari usiku kucha, na nampataje?
6. Barabara ya kuingia hupitika mvua ikinyesha?
7. Gari la kimo na uzito kama langu linaingia?
8. Maji ya kunywa na umeme wa kuchaji vinapatikana?
9. Hospitali iliyo karibu iko umbali gani, na kuna gari la dharura?
10. Mna leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha biashara cha kaunti?

Swali la pili ndilo kipimo cha ukweli. Anayekujibu "hapa maji hayajawahi kufika" huku miti mikavu imesimama ziwani mbele yake, mshukuru na uendelee na safari.

Kwa kambi zilizo ndani ya mbuga za kitaifa, malipo hufanywa kupitia eCitizen na si pesa taslimu langoni. Lipa kabla ya kufika, na uhifadhi risiti kwenye simu, kwani mtandao hupotea ukishateremka bondeni.

NENO KWA WENYE MASHAMBA KANDO YA ZIWA

Wananchi wengi wanafikiria kufungua kambi ndogo, na ni biashara inayoweza kulisha familia. Lakini ardhi iliyoachwa wazi na maji ya ziwa si nyongeza ya shamba. Ni ukingo wa ziwa, na ziwa hurudi kuuchukua. Waliojenga kwa kufuata maji ya mwaka 2009 ndio waliohesabu hasara mwaka 2020. Weka vyoo, jiko na mahema juu. Ukingoni weka viti na meza zinazoweza kubebwa na watu wawili. Shimo la choo likifurika, uchafu wote huenda kwa jirani. Kabla ya kuanza, pata ushauri wa NEMA, wa afisa wa afya ya umma na wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuhusu njia za wanyama. Ukiziba njia ya kiboko, atapita kwa jirani yako au ndani ya hema la mgeni wako.

ZOEZI

Familia ya watu watano, wakiwemo watoto wawili, inafika Naivasha Jumamosi ya mwisho ya Aprili saa kumi alasiri. Wana hema moja na gari lenye hema la juu. Wameonyeshwa nafasi tatu:

A. Nyasi fupi za kijani, hatua 15 kutoka majini. Ziwa lote linaonekana. Mbele kuna mashina makavu ya migunga majini. Hakuna ua.

B. Mwinuko ulio mita 200 kutoka majini, nyuma ya ua wa umeme, choo kiko karibu. Ziwa linaonekana kwa mbali kati ya miti. Nafasi yenyewe iko chini ya mgunga mkubwa wenye matawi makavu.

C. Mchanga tambarare ndani ya mkondo mkavu, hakuna upepo, hakuna majirani.

Wachague ipi, na kwa nini? Jibu kabla ya kusoma zaidi.

Jibu: Nafasi A ina alama mbili za wazi, nyasi za kiboko na ukumbusho wa maji kupanda, na haina ua. Nafasi C ni njia ya maji, na Aprili ni katikati ya masika. Wachague B, lakini wasogeze hema na gari nje ya kipimo cha matawi. Gari litazame njia ya kutokea. Kisha kabla ya jua kuzama washuke A wote pamoja, wakae kwenye viti, wanywe chai, watazame mwari na tai-mvuvi, wapige picha zao. Askari akisema saa imefika, wapande juu.

Ukijibu hivyo, umelielewa somo. Mchana ni wa ukingoni, usiku ni wa juu. Mandhari hayapotei kwa kulala mita mia mbili nyuma. Asubuhi utayakuta pale pale, na utakuwa na nguvu za kuyafurahia.

Ikitokea dharura, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kupitia 1199. Andika nambari hizo kwenye karatasi pia, kwa kuwa simu huzima chaji wakati mbaya. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kambi na siku ya kurudi.

Mpwa wetu yule aliyelia siku ile sasa ni kijana mrefu kuniliko. Mwaka jana alikuja Naivasha na wenzake, akanipigia simu jioni. Sikumuuliza kama ziwa linaonekana. Nilimuuliza, "Nyasi hapo ziko vipi?" Akacheka: "Ni ndefu, mjomba. Na tuko nyuma ya waya."

Karibuni Naivasha, na mlale salama.